Kukamua Chicha: Ada ya Mwezi na Michezo ya Intaneti

Alasiri moja, barazani kwetu Mji wa Kale hapa Mombasa, palizuka mazungumzo ambayo tangu siku hiyo hayajanitoka akilini. Kijana mmoja wa jirani alikuwa akimsimulia mzee wetu habari za mchezo wa kompyuta anaoucheza usiku pamoja na watu wa Ulaya. Mzee alisikiliza kwa upole, kikombe cha kahawa mkononi, mpaka kijana alipotaja kwamba hulipa ada kila mwezi. Hapo akamkatiza.

"Hebu ngoja, mjukuu wangu. Mchezo wenyewe si umekwisha kuununua?"

"Naam, babu, niliununua."

"Basi mbona walipa tena?"

"Kwa sababu ulimwengu wenyewe haumo katika kompyuta yangu, babu. Umo katika mitambo yao. Wao ndio wautunzao, huongeza mambo mapya na kuwatoa walaghai. Nisipolipa, mlango hufungwa."

Mzee akacheka. "Basi wewe hukununua kitu. Umepanga nyumba. Na mpangaji ana swali moja tu la kuuliza: mwenye nyumba atia chokaa, au apokea kodi tu?"

Mazungumzo yakageukia bei ya samaki, lakini swali la mzee nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Nimelipeleleza, na jibu nililolipata si la kumfurahisha mpangaji. Kampuni kubwa zinapoamua kubana matumizi, mara nyingi huanza na kazi ile ile ya kila siku ambayo mpangaji huyu ndiyo aliyoilipia.

MCHEZO USIOKWISHA

Watakuwako wasomaji watakaosema: michezo ya watoto yatuhusu nini? Nawaomba walikumbuke bao. Bao si ubao na kete peke yake; ni wale wanaokaa kulizunguka, utani wao, heshima ya bingwa na aibu ya aliyeshindwa mbele za watu. Michezo ya intaneti ya ada ya mwezi ni baraza ya namna hiyo, ila waliomo wako miji na nchi mbalimbali, na hawajaonana uso kwa uso.

Hata hivyo iko tofauti moja kubwa. Fundi akimaliza kulichonga bao, kazi yake imekwisha, na likitunzwa litachezewa na wajukuu. Mchezo wa intaneti haumaliziki. Mitambo yake lazima iende usiku na mchana. Wezi na walaghai wazuiwe. Kasoro zirekebishwe, na safari mpya zitungwe, maana wachezaji wakishazimaliza zile za zamani watachoka. Hiyo ndiyo maana ya ada. Mtu halipi kwa kitu kilichokwisha kutengenezwa, bali kwa kazi inayoendelea.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni World of Warcraft, uliofunguliwa Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya mji wa Irvine, California. Ada yake nchini Marekani ni dola 15 kasoro senti moja kwa mwezi, yaani karibu shilingi 2,000 za Kenya kwa viwango vya mwaka 2025. Mchezaji huvaa umbo la shujaa wa kubuni, akasafiri katika nchi za kubuni, akajiunga na wenzake katika chama. Siku za mwanzo walikuwako maadui ambao hawakushindwa ila na kikosi cha watu 40 walioafikiana saa na zamu. Kufikia Oktoba 2010 waliolipia mchezo huu duniani walikuwa milioni 12, idadi ambayo mchezo wa ada haukupata kuifikia kabla yake.

Anayedhani kwamba urafiki wa humo ni wa bandia na aisikilize habari ya Mats Steen, kijana wa Norwei aliyezaliwa na maradhi ya kudhoofika misuli. Kwa miaka mingi ya maisha yake aliketi katika kiti cha magurudumu akicheza World of Warcraft, na wazazi wake wakasikitika kwamba mtoto wao aishi bila marafiki. Alifariki Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Baba yake alipotangaza msiba huo katika ukurasa wa kijana, barua za rambirambi zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Waliomjua kwa jina lake la mchezoni, Ibelin, walimtaja kuwa mshauri na mfariji wao, na wengine walisafiri mpaka Oslo kuhudhuria maziko. Kisa hicho kilifanyiwa filamu iliyotazamwa na wengi mwaka 2024.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la kitoto. Baraza inaposhikwa na mwenye mali, na watu wamekwisha kuweka humo miaka yao na sahibu zao, kuitunza au kutoitunza ni jambo la kuulizwa.

MWENYE NYUMBA ABADILIKA

Blizzard ilianzishwa mwaka 1991 na vijana watatu waliotoka chuo kikuu, Allen Adham, Michael Morhaime na Frank Pearce. Jina lao lilivuma kwa desturi moja: hawakuuza mchezo mpaka waridhike nao. Wakiulizwa lini utakuwa tayari, jibu lilikuwa kwamba utatoka ukishakuwa tayari. Desturi hiyo ni ghali, lakini ndiyo iliyowapa wateja.

Mwaka 2008 Blizzard iliunganishwa na Activision, wenye mchezo wa Call of Duty, ikazaliwa kampuni ya Activision Blizzard chini ya mkurugenzi mkuu Bobby Kotick. Hisa za kampuni hiyo ziliuzwa katika soko la fedha, na wenye hisa huletewa hesabu kila miezi mitatu. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Mchezo mzuri huchukua miaka kutengenezwa, ilhali hesabu husomwa kila robo mwaka. Mkurugenzi anayetaka kuonyesha faida kubwa zaidi robo hii hawezi kuwaongeza wachezaji kwa usiku mmoja. Awezalo kwa usiku mmoja ni kupunguza mishahara.

Februari 2012 Blizzard ilitangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 600 duniani. Ilieleza kwamba asilimia 90 yao hawakuwa katika utengenezaji wa michezo, na kwamba kikosi kinachotengeneza World of Warcraft hakitaguswa. Wengi walioondoka walikuwa watu wa kuwahudumia wateja. Wakati huo mchezo ulikuwa bado na walipaji zaidi ya milioni 10.

Miaka saba baadaye likatokea jambo lililowashangaza hata waliozoea mambo ya biashara. Tarehe 12 Februari 2019 Activision Blizzard ilitangaza kwamba mapato yake ya mwaka 2018, dola bilioni 7.5, yalikuwa makubwa kuliko ya mwaka wowote katika historia yake. Siku hiyo hiyo ikatangaza kwamba yapata asilimia 8 ya wafanyakazi, karibu watu 800, wataachishwa kazi. Mtu akifukuzwa kwa sababu duka limefilisika, huuma lakini hueleweka. Kufukuzwa siku ya mavuno makubwa ni jambo jingine. Na ili picha ikamilike, Juni 2021 wenye hisa waliyaidhinisha malipo ya mkurugenzi mkuu kwa mwaka 2020, na malipo hayo yalizidi dola milioni 150.

Oktoba 2023 nyumba ikauzwa tena. Microsoft iliinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Haikutimia hata miezi minne, na Januari 2024 Microsoft ilitangaza kuwapunguza watu 1,900 katika idara yake ya michezo, na mchezo mpya uliokuwa ukitengenezwa na Blizzard kwa miaka kadhaa ukatupiliwa mbali. Julai 2025 Microsoft iliwapunguza watu wapatao 9,000 katika idara zake mbalimbali. Safari hii mkasi uliwafikia ZeniMax Online, wenye mchezo wa The Elder Scrolls Online. Mchezo mwingine mkubwa waliokuwa wakiuandaa ulisimamishwa, na Matt Firor, aliyeiongoza kampuni hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 2007, akaondoka.

MFUA MAJI NA MTIA KALAFATI

Mwenye jahazi huwalipa watu wengi, lakini abiria humwona nahodha tu. Hamwoni fundi aliyetia kalafati katika nyufa za mbao, wala hamwoni mfua maji aliye chini ya ngama. Basi tuseme mwenye jahazi atazama hesabu yake, aona watu wawili hawa hawashiki usukani wala hawatweki tanga, awaondoa. Jahazi halitazama siku hiyo. Litakwenda Lamu na kurudi, na mwenye jahazi atajisifu kwamba amepata faida kwa akili yake. Maji huingia kidogo kidogo.

Katika mchezo wa intaneti, wafua maji ni watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wasimamizi wa mchezo, wanaopokea malalamiko. Katika miaka ya mwanzo ya World of Warcraft mchezaji aliyekwama au aliyeibiwa mali yake aliandika ombi, na msimamizi, mtu wa kweli, akaja kuzungumza naye ndani ya mchezo, pengine akitokea na joho lake la buluu. Kadiri miaka ilivyokwenda, wachezaji walizidi kulalamika kwamba wangoja muda mrefu na kwamba jibu likija ni maneno yaliyokwisha kuandikwa, ambayo hata swali lao hayakuligusa.

Wa pili ni wakaguzi, ambao kazi yao ni kuujaribu mchezo na kuzitafuta kasoro kabla mteja hajazikuta. Kwa kawaida ni katika wafanyakazi wa mishahara ya chini kabisa katika biashara hii, na wengi huajiriwa kwa mikataba ya muda mfupi. Kumwondoa mkaguzi hakuiondoi kasoro. Kunambadilisha mtu wa kuigundua tu, na anayeigundua sasa ni mteja aliyelipa.

Wa tatu ni walinzi wa haki. Ulimwengu wa mchezo una uchumi wake, una dhahabu na masoko, na penye soko hapakosi walaghai. Wako watu waundao programu zinazojifanya wachezaji, zikachimba dhahabu usiku kucha bila kulala wala kula, kisha dhahabu hiyo ikauzwa kwa fedha za kweli. Bidhaa hupanda bei, na mchezaji mwaminifu huona jasho lake halina thamani. Juni 2020 Blizzard yenyewe ilieleza kwamba katika mwezi mmoja ilikuwa imefunga akaunti zaidi ya 74,000 katika toleo la kale la mchezo, nyingi zikiwa za ulaghai wa namna hiyo. Vita hivyo vyataka macho ya watu, na macho ya watu hulipwa mshahara.

Mbali na hawa, mkasi unaweza kumfikia mtengenezaji mwenyewe. Januari 2020 Blizzard ilitoa mchezo wa Warcraft III: Reforged. Huu hulipiwa mara moja tu, lakini ni ndugu wa World of Warcraft na watoka katika nyumba ile ile. Ulikuwa mchezo wa mwaka 2002 ulioahidiwa kufanywa upya. Mambo kadhaa yaliyoonyeshwa hadharani mwaka 2018 hayakuonekana ndani yake, na malalamiko yakawa makubwa hata kampuni ikawaruhusu wateja kurudishiwa fedha zao. Julai 2021 shirika la habari la Bloomberg, likitegemea hati za ndani na waliofanya kazi hiyo, lilieleza kwamba mradi ule ulidhoofishwa na mpango mbaya na bajeti ndogo, wakati ambapo kampuni mama ilikuwa ikisukuma gharama zipunguzwe. Fedha iliyookolewa ikapotea katika marejesho. Jina zuri lililopotea halina marejesho.

KODI BILA CHOKAA

Na wapangaji walifanyaje? Kwanza twaangalie walivyofanya walipolipa bila kuletewa kipya. Novemba 2014 lilitoka toleo la nyongeza liitwalo Warlords of Draenor. Wachezaji wa zamani walirudi kwa furaha, na idadi ya walipaji ikapanda tena kupita milioni 10. Kisha wakagundua kwamba mambo ya kufanya ni machache. Mwisho wa Machi 2015 walikuwa wamebaki milioni 7.1. Mwisho wa Juni walikuwa milioni 5.6. Nyongeza kubwa ya mwisho ya toleo hilo ilikuja Juni 2015, na toleo lililofuata halikutoka mpaka mwisho wa Agosti 2016. Kwa miezi 14 mpangaji alilipa kodi ile ile, na nyumba ikakaa vile vile.

Nitakuwa si mwadilifu nikisema kwamba ukame huo uliletwa na kufukuza watu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba watengenezaji walikwisha kuhamishiwa toleo lijalo. Lakini kisa chenyewe chatufundisha jinsi mteja anavyohesabu. Hatazami jina la kampuni wala sifa zake za kale; hutazama alicholetewa mwezi huu. Mwisho wa Septemba 2015 walipaji walikuwa milioni 5.5, na Novemba ya mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba haitaichapisha tena idadi hiyo. Mwenye duka akifunika mizani yake kwa kitambaa, wateja wana haki ya kujiuliza.

Kisha hufuata dawa ambayo kila mwenye hesabu huipenda: kama wapangaji wamepungua, na wauziwe vitu zaidi wale waliobaki. Tangu Aprili 2010 Blizzard ilikuwa imeanza kumwuza farasi wa kumetameta kwa dola 25. Mwaka 2015 ikaleta hati ambayo mchezaji mwenye fedha huinunua kwa dola 20, akamwuzia mwenziwe kwa dhahabu ya mchezoni, na huyo mwenziwe akaitumia kulipia mwezi mmoja. Msomaji apige hesabu mwenyewe: badala ya dola 15, kampuni imepata 20 kwa mwezi ule ule. Oktoba 2024, mchezo ulipokuwa watimiza miaka 20, aliuzwa mnyama mkubwa wa kupanda, mwenye soko la mnada mgongoni, kwa dola 90. Hiyo ni ada ya miezi sita.

Mimi simkatazi mtu kununua farasi wa picha kwa fedha yake ya halali. Ninalouliza ni hili: mchoraji aliyemchora mnyama yule kwa ajili ya duka, angekuwa akichora nini kwa ajili ya wale waliolipa ada?

UTETEZI WA WENYE MALI

Haifai kumhukumu mtu bila kumsikiliza, na kampuni hizi zina maneno yao. La kwanza ni kwamba kwa miaka 20 ada ya World of Warcraft nchini Marekani haikupanda hata senti, ilhali dola 15 za mwaka 2004 zilinunua vitu vingi kuliko dola 15 za mwaka 2024. Mishahara imepanda, kodi za nyumba huko California zimepanda, na wachezaji wataka picha nzuri zaidi na safari ndefu zaidi. Hoja hii ina uzito. Nani kati yetu aliyewahi kuona kodi ya nyumba iliyosimama mahali pamoja miaka 20?

La pili ni kwamba si kila apunguzwaye alikuwa na kazi. Kampuni ikikua haraka huweza kuajiri kupita haja. Na katika tangazo lile la 2019, Activision Blizzard ilisema kwamba wakati inapowaondoa wale 800 itaongeza watengenezaji wa michezo yake mikubwa kwa kiasi cha asilimia 20. La tatu ni kwamba mchezo haujafa. Matoleo mapya yaliendelea kutoka, la Agosti 2024 likiwa mojawapo, na wako wengi walioyapenda.

Haya yote nayakubali. Lakini yatazameni tena. Kampuni iliyosema gharama zimeizidi ndiyo iliyotangaza mapato ambayo haijapata kuyaona. Na hata ahadi ya kuongeza watengenezaji na kupunguza wahudumu ni ile ile hesabu ya mwenye jahazi: ongeza matanga, ondoa mfua maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika habari hii mgema amesingiziwa. Yeye yu juu ya mnazi, akijitahidi. Atiaye maji ni mwenye shamba, naye hata kupanda hajui.

Tena wagema wenyewe wameanza kusema. Julai 2024 wafanyakazi zaidi ya 500 wa World of Warcraft, wachoraji, watunzi, mafundi na wakaguzi pamoja, waliunda chama chao cha wafanyakazi. Watu walioridhika na mwenye shamba hawafanyi hivyo.

JAMBO LILILOWEZEKANA JAPANI

Pengine msomaji atasema: hiyo ndiyo dunia ya biashara, haina njia nyingine. Basi na tuitazame Tokyo. Septemba 2010 kampuni ya Square Enix ilifungua mchezo wake wa ada, Final Fantasy XIV. Ulikuwa mbovu, na wachezaji wakasema hivyo bila kificho. Desturi ya wakata gharama ingekuwa kuwafukuza mafundi na kukamua kilichosalia. Square Enix iliomba radhi hadharani. Desemba 2010 iliubadilisha uongozi wa kazi hiyo na kumkabidhi Naoki Yoshida. Ikaacha kutoza ada mpaka Januari 2012, maana haikuona haki kudai kodi ya nyumba inayovuja. Kikosi cha Yoshida kiliendelea kuutengeneza ule mchezo mbovu kwa ajili ya waliokuwamo, na papo hapo kikajenga mwingine mpya. Novemba 2012 ulimwengu wa kwanza ulifungwa, na Agosti 2013 ukafunguliwa wa pili. Huo wa pili ukawa miongoni mwa michezo ya ada iliyofanikiwa kuliko yote.

Desemba 2021 lilipotoka toleo lake la Endwalker, watu walikuja wengi hata mitambo ikaelemewa, na foleni ya kuingia ikachukua masaa. Mitambo mipya haikupatikana upesi kwa sababu ya upungufu wa vipuri vya elektroniki duniani. Kampuni iliwapa walipaji siku za bure. Kisha ikafanya jambo ambalo muuzaji yeyote wa Marikiti angeliona kichaa: ilisimamisha kuuza mchezo wake mpaka mwisho wa Januari 2022, ili waliokwisha kulipa wapate nafasi.

Sisemi Wajapani ni malaika. Square Enix nayo ilipunguza watu katika ofisi zake za Marekani na Ulaya mwaka 2024. Ninalosema ni kwamba njia ya pili ilikuwako, ikapitwa, na aliyeipita akapata faida. Anayedai kwamba faida haiji ila kwa kukata amechagua kutoitazama njia hiyo.

SWALI LA MPANGAJI

Upande wetu huu michezo hii bado ni ya wachache, kwa gharama ya kompyuta na ya intaneti. Lakini ada ya mwezi sasa yatufikia sote. Televisheni ni ya ada, filamu ni za ada, muziki ni wa ada, hata programu za ofisini ambazo zamani mtu alizinunua mara moja sasa hulipiwa mwezi kwa mwezi. Tunahama kutoka kumiliki na kwenda kupanga. Wazee wetu waliijua vyema tofauti ya kuuza na ijara, na waliijua haki ya kila upande: mpangaji alipe kwa wakati, na mpangishaji atoe manufaa yaliyokusudiwa. Apokeaye ujira wa pishi akatoa kibaba, watu walimwita mpunjaji, na jina hilo halikumtoka.

Na mpangaji akumbuke kwamba hana hati ya nyumba. Januari 2023 Blizzard na mshirika wake wa Uchina, NetEase, walishindwa kuafikiana juu ya mkataba. Mchezo ukazimwa katika nchi ile nzima, na mamilioni wakafungiwa mlango kwa usiku mmoja, pamoja na mashujaa waliowalea miaka mingi. Ulirudi mwaka 2024, lakini somo lilikwisha kusomeka.

Juzi nilimrudia mzee barazani nikamweleza niliyoyapata. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nazi hukamuliwa tui la kwanza, kisha la pili. Anayeikamua chicha mara ya tano asimlaumu mpishi wali ukikosa ladha."

Kijana alikuwapo. Nikamwuliza, je, ataendelea kulipa? Akainamisha kichwa.

"Nitalipa, ami. Rafiki zangu wamo mle ndani."

Sikuwa na la kumjibu. Mwenye nyumba naye alijua hivyo alipoacha kutia chokaa.